Mtoto kwa Pweza Mkavu

Mtoto mchanga alikuwa amelazwa juu ya jaa.

Bi Wanu alidhani macho yanamdanganya. Alitupa chini gongo lake la kupigia makumbi ya nazi, akasogea. Loo, ni yule yule, mtoto wa wageni wake, kaviringishwa kitambaa kikuukuu, katikati ya matumbo ya samaki, nzi wanamtambaa puani. Na mamake? Mamake yuko baharini, maji ya magoti, kamshika mkono binti yake mkubwa wanaruka mawimbi.

"Astaghafirullah!" Bi Wanu alitema mate. "Paka akizaa hafanyi haya!"

Akamnyakua. Harufu aliyoipata! Mtoto kafungwa mvuje, ile dawa ya kunuka, mikononi na miguuni, kapakwa masizi uso mzima mpaka masikioni, na sasa juu yake shombo. Maisha yake yote Bi Wanu alifukua makumbi yaliyovunda pwani hiyo ya Makunduchi, na pua yake ilishazoea kila uvundo. Leo aliiziba kwa kiganja. Lakini mtoto hakumweka chini. Kule baharini Mwanakheir aliacha kuruka, akasimama akimkodolea macho.

Mwanakheir huyu alitoka mjini na watoto wake wawili kuja kupunga upepo, skuli zimefungwa. Mumewe alikuwa jamaa wa marehemu mume wa Bi Wanu, na jamaa hafukuzwi. Bi Wanu aliwapa chumba cha uani kwa furaha, maana nyumba yake haikupata kusikia kilio cha mtoto. Kisimani kila akifungua mdomo kuzungumzia watoto, wenzake humkata: "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, Bi Wanu." Naye humeza, hunyanyua ndoo yake, huenda zake.

Sasa uchungu wenyewe kauona! Siku waliyofika aliuliza jina la mtoto.

"Hana," alijibu Mwanakheir. "Taka nazo hupewa jina?"

Akimnyonyesha hugeukia ukutani, uso kaukunja kama anayenyweshwa shubiri. Jirani akisema mashaallah, yeye humdakia, "Mashaallah ya nini? Kibaya hiki, hamkioni?" Mkubwa, Kurwa, ndiye hamwachii hata akilala, kamshika kiganja usiku kucha. Bi Wanu alikuwa kila akiwatazama chakula hakimpiti.

Jioni moja akimsuka Kurwa alimwuliza, "Mamako hampendi mdogo wako, eti?"

"Huyu hampendi," alisema mtoto. "Doto alikuwa anampenda. Akimwimbia."

Aha! Basi pacha mpendwa kaachwa mjini kwa bibi yake, ale halua, na hiki kinachonuka ndicho alicholetewa yeye! Bi Wanu alivuta nywele kwa hasira mpaka Kurwa akalia.

Na leo jaani. Sasa yamepita mpaka. Bi Wanu alimbeba mtoto mpaka kibarazani kwake, walipokuwa wanawake wenzake wakisokota kamba, akamngoja Mwanakheir apande kutoka pwani.

"We mwanamke huna haya? Kama humtaki, nipe mimi!"

"Mchukue," alisema Mwanakheir.

"Ati nini?"

"Mchukue. Lakini bure sitaki. Nipe kitu, chochote."

Miaka mingapi kanywa dawa chungu za kila mganga, kafunga, kaomba mpaka magoti yakaota sugu, na huyu anauza! Juu ya mlango palining'inia pweza mkavu, mweusi, anatambaliwa na sisimizi. Alimchomoa akambwaga miguuni pa Mwanakheir.

"Haya! Hiyo ndiyo bei ya mwanao!"

"Si mwanangu." Mwanakheir aliinama, akamwokota yule pweza kwa mikono miwili. Akawageukia wanawake. "Nyote mmeona. Mimi nimeuza, Bi Wanu kanunua."

"Tumeona," waliitikia, kisha wakainamia kamba zao. Bi Wanu aliwashangaa. Wote wamezaa, wote wana midomo mirefu kisimani, na leo hakuna hata mmoja wa kumtemea mate shetani huyu!

Aliingia ndani, akafunga mlango kwa kishindo. Kwa kitambaa cha majimaji akamfuta masizi taratibu, na chini yake akakuta kijiuso kizuri ajabu, kope ndefu, kidevu kina kishimo. Machozi yakamtoka. "Mwanangu," alisema, neno ambalo hajapata kulisema kwa aliye wake. Mara mtoto akaanza kulia. Akachovya kidole kwenye maziwa ya mbuzi akamtia mdomoni, mtoto akakitema. Akamwimbia, akamtikisa, wapi! Kilio kilizidi mpaka sauti ikakauka, na Bi Wanu hajui la kufanya.

"Hodi, Bi Wanu."

Alifungua mlango kwa ghadhabu. Mwanakheir alikuwa kapiga magoti kizingitini, na Kurwa nyuma yake kashika upindo wa kanga. Pweza bado kamkumbatia kifuani, na gauni lake lilikuwa limelowa maziwa mpaka kiunoni.

"Umerudi kutaka nini? Umepunjika?"

"Sikupunjika." Hakuthubutu kuyainua macho kumtazama mtoto. "Doto nilimwita mwanangu, nikamzika. Na wawili waliomfuatia hali kadhalika; kifo kimezoea njia ya kwangu. Huyo ni wako, Bi Wanu, kila mtu kaona. Nichukue basi niwe yaya wake."