Isale kwa Babu Efraimu

"Kwa mikono miwili, nimekwambia," Eunike alisema kwa mara ya tatu. "Isale halibebwi kama fimbo ya kuchungia."

Godbless alilishika vizuri jani hilo refu la kuombea msamaha, lililofungwa fundo katikati. Alikuwa na miaka sita, na shati lake la kanisani lilikuwa limeshapata doa la parachichi. Nyuma yake mdogo wake, Martin, alilia kwamba na yeye apewe lake. Eunike akachana kipande cha jani la mgomba, akampa, kilio kikaisha. Siku nyingine angecheka.

Mumewe, Calvin, alikuwa amesimama mlangoni.

"Mimi nisiende," alisema. "Mzee akiniona tu, tutarudi kwenye mambo ya mpaka. Nenda wewe na mtoto. Hawezi kuwafukuza."

Eunike aliona hapo mumewe amesema la maana. Tangu baraza la kata limpe mzee Efraimu ile migomba minane ya mpakani, majirani hao wawili hawakuwa wakisalimiana. Hata hivyo Jumamosi banda la mzee liliposhika moto, Calvin, ambaye alikuwa ameshuka mlimani Alhamisi na mizigo ya watalii, ndiye aliyetangulia kufika na ndoo. Ndiye pia aliyekuta kiberiti kwenye mfuko wa kaptula ya mwanawe. Baba mwingine angekitupa kwenye mfereji wa maji akanyamaza. Mkewe aliporudi tu kutoka sokoni na Martin, yeye alimwambia, na asubuhi akakata isale kwa mkono wake.

Ng'ombe aliyeungua alikuwa na mimba ya miezi minane. Kijiji kizima kilikuwa kinamjua kwa jina.

Jumamosi ile Eunike alimchapa Godbless, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alitegemea machozi. Mtoto alimtazama baba yake, hakulia. Hilo lilimtisha kuliko moto wenyewe. Yule Godbless wa kila siku, aliyewapa kuku majani ya chai yote ya nyumbani na kumfungia mdogo wake ndani ya gunia la mahindi "ili akue haraka", alikuwa anamjua na kumpenda. Huyu wa macho makavu hakumjua. Na huku Marangu mtu akishaitwa mchoma mabanda, ataitwa hivyo mpaka aoe, na wanawe wataitwa watoto wa mchoma mabanda. Aliona mwanawe anampotea akiwa bado hajang'oka meno ya utoto.

Mzee Efraimu alikuwa ameketi uani, mbele ya nguzo zilizoungua. Kando yake alikaa mwenyekiti wa kitongoji na daftari lake; tangu jana alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani alionekana wapi. Mke wa mzee, bibi Magreth, alisimama jikoni na upawa mkononi, kama mtu aliyesahau alichokuwa anapika.

"Shikamoo, babu," Godbless alisema.

"Marahaba."

Mtoto alipiga magoti kwenye majivu na kaptula yake mpya, akanyoosha jani.

"Babu, naomba unisamehe. Nilikuwa nachezea kiberiti nyuma ya banda. Ni uzembe wangu. Sitarudia tena."

Neno hilo, uzembe, lilimshangaza Eunike. Labda wanafundishwa shule ya Jumapili, aliwaza, na hakuwa na nafasi ya kuwaza zaidi, maana mzee alikuwa hajanyoosha mkono. Kuku mmoja aliparua majivu karibu na goti la mtoto. Mwenyekiti alikohoa. Eunike alimwomba Mungu kimoyomoyo, bila mpangilio, kwamba mzee apokee, apokee tu, hata asiposema neno.

Mzee Efraimu alilitazama jani, akamtazama mtoto. Mtu mzima angekuja mbele yake bila isale angemfukuza kwa mbwa. Lakini isale halikataliwi, tena likiwa mikononi mwa mtoto! Alishusha pumzi, akalipokea.

"Inuka, mjukuu wangu. Ng'ombe amekwenda. Wewe bado upo." Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Funga daftari lako. Nimepokea. Jambo hili halitaulizwa tena kwa mtu yeyote, na atakayeliuliza atakuwa ameniuliza mimi."

Mwenyekiti alifunga daftari haraka, kwa furaha ya mtu aliyekuwa na nyumba thelathini bado za kupita. Bibi Magreth alitoka jikoni akampa Godbless ndizi mbivu mbili, akamfuta majivu magotini kwa kanga yake. Hapo Eunike alishindwa kujizuia, akalia mbele ya watu, na wala hakuona haya.

Njiani kurudi alimshika mwanawe mkono. Jua lilikuwa limetoka, migomba ya vihambani yote inang'aa maji ya mvua ya usiku, na Godbless alirukaruka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Eunike alijisikia mwepesi. Alimwambia kwamba leo amefanya jambo ambalo wanaume wengi wazima hawaliwezi, na kwamba hatamchapa tena, na kwamba jioni atapika mtori.

Godbless alimenya ndizi ya pili, akaijaza mdomoni yote, akatafuna.

"Mama," aliuliza, "kwa hiyo sasa polisi hawatamchukua baba?"