Marahaba

Wakili alishamwambia, "Mama yako akieleza tu alichokiona, mumeo hachomoki." Binti akavishika vidole vyake viwili, ambavyo havikunjiki tena tangu mumewe alipovibana kwa mlango.

Mama yake akapanda kizimbani. Ndiye aliyeshuhudia yote. Ndiye aliyevifunga vidole vile vikichuruzika damu, kwa kitambaa alichokichana kwenye gauni lake mwenyewe.

Kabla hajaulizwa neno, mshtakiwa akainuka, akainamisha kichwa. Ungemwona, ungesema mkwe ndiye huyu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," mama akaitika, kinywa kikiitangulia akili. Na uso ukamlainika, kama siku ile alipoipokea posa yake.

Binti aliuona ulaini ule.

Hakimu akamkaripia mshtakiwa, akamwamuru akae. Wakili akauliza upesi, "Mama, mlango ule aliubamiza nani?"

Mama akamtazama mkwewe. Kisha akavitazama vidole vya mwanawe, akavitazama weee, machozi yakamlengalenga.

"Siku ile, mheshimiwa," akasema, "kulikuwa na upepo."