Jani Bichi

Asteria alikifuta tena kiti cha dirishani, ingawa hakuna aliyekuwa amekikalia. Viti vingine vyote vya mgahawa vilikuwa vya plastiki. Hiki kilikuwa cha mninga, kimelitazama ziwa, wala hakikuwekwa kwa ajili ya wateja.

"Mama mkubwa, utakitoboa," alisema Herieth.

Herieth alikuwa binti wa shemeji yake, amezaliwa na kukulia Dar es Salaam, akasomea hukohuko ubunifu wa matangazo. Aliteremka Lituhi na kompyuta, ndoo za rangi na maneno mengi, akaubatiza mgahawa jina la Jani Bichi. Jani likachorwa ukutani, likachapwa kwenye menyu, likadariziwa hata kwenye vitambaa vya meza. Mkabala na mlango akatundika picha kubwa ya Asteria, ameizungushia majani halisi.

"Mbona umeiondoa rangi?" Asteria alikuwa amemuuliza.

"Ili kijani kitokeze. Watu wamjue mpishi."

"Chema chajiuza, mwanangu."

"Siku hizi hata chema kinajitembeza, mama mkubwa."

Asteria hakubishana. Kilichomnyima raha si majani wala rangi. Alikuwa anamtaka kaka yake.

Edmund aliishi Mapera, kule milimani Mbinga, na kahawa yake na kiburi chake. Asteria alipoolewa na Methodi, mvuvi, tena Mwanglikana, Edmund alisimama mbele ya ukoo akasema huko ziwani atashuka siku ya kumzika dada yake, si kabla. Yalikuwa maneno ya hasira, na ndugu husemeana mengi. Lakini Methodi alifariki, akazikwa, na Edmund hakuonekana. Hilo lilimuuma Asteria kuliko alivyopata kumwambia mtu yeyote. Sasa wote wawili walikuwa na mvi, naye aliogopa wasije wakaondoka duniani bila kula tena meza moja.

Juzi alijikaza akampigia simu. Mgahawa hakuutaja, maana Edmund angeuliza umejengwa kwenye kiwanja cha nani, nacho kilikuwa cha Methodi. Alisema tu, "Kaka, njoo Jumamosi. Usinikatalie hili, naona siku zangu zinakwenda." Edmund alisikiliza mpaka mwisho, akakata simu bila kujibu.

Na leo ndiyo Jumamosi, siku ya kufungua mgahawa. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana, na simu ya Asteria ilikuwa imeisha chaji. Aliichukua hivyohivyo, akaiweka, akaichukua tena. Pengine Edmund alikuwa amepiga. Pengine hakupiga.

"Kule njia panda ya barabara kuu nilimaliza jana mchana," Herieth alisema huku akinyoosha vitambaa. "Nimesimamisha picha yako hiihii na jina lako chini. Halafu nimelaza matawi mabichi barabarani, yaonyeshe njia ya huku. Maneno mengi sikuweka, hayapendezi. Abiria wa basi la Mbinga wameshaona wote."

"Vizuri, mwanangu," alisema Asteria. Hakuwa amesikia hata neno moja. Masikio yake yalikuwa barabarani, yakisubiri gari.

Nje kila kitu kilikuwa tayari. Turubai lilikuwa limefungwa, na viti vya kuazima kanisani vimepangwa. Akina mama wa kwaya walikaa kivulini wakijaribu sauti taratibu. Uani masufuria makubwa yalikuwa yakichemka juu ya mafiga, na mbasa waliovuliwa alfajiri walikuwa wakigeuzwa juu ya makaa. Asteria alionja mchuzi, akasahau alichoonja, akaonja tena. Akatoka mlangoni, akatazama barabara, akarudi kukifuta kiti.

Hatimaye lori lilinguruma.

Alikimbilia dirisha la jikoni. Lori lilikuwa limesimama mbali kidogo, na watu walikuwa wakishuka. Akamtambua Tadea, mke wa Edmund. Nyuma yake walikuwa wanawake wengine wa Mapera, wamejitanda khanga, wengine na ndoo za unga kichwani, wengine na mizigo ya kuni. Wameleta mpaka unga, Asteria aliwaza, na machozi yakamtoka.

Herieth alichungulia jikoni, simu yake mkononi, tayari kuwapiga picha wateja wa kwanza. "Mbona wageni wako wako kimya hivi, mama mkubwa? Hata kucheka hawacheki."

"Watu wa milimani wana adabu," alisema Asteria, akifungua aproni.

Edmund alishuka wa mwisho. Alikuwa amevaa koti lake jeusi la kanisani, na alikuwa amezeeka. Asteria hakuweza kuendelea kumtazama. Alichukua sahani, akachagua mbasa mkubwa kuliko wote, akamwaga mchuzi nusu kwenye sahani na nusu mezani. Nje kwaya ilikuwa imeanza kuimba. Mwanamke mmoja alilia kwa sauti, naye Asteria akajua hakuwa peke yake aliyeuchoka ugomvi ule.

Alipotoka jikoni na sahani yake, Edmund alikuwa ameshaingia. Alikuwa amekipita kiti cha mninga bila kukiona, akasimama mbele ya picha kwenye majani, ameegemea koleo la kuchimbia. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Nilisema nitashuka siku ya kukuzika, mdogo wangu," aliiambia picha. "Basi nimeshuka."

"Shikamoo, kaka," alisema Asteria nyuma yake, na koleo likaanguka sakafuni.