Kichupa cha Baba

Mama aliisoma barua ya zahanati mara mbili: choo cha baba kimekutwa na damu, afike haraka achunguzwe utumbo.

"Unaona, mzee? Bila kipimo hiki ungekufa kimyakimya."

Baba, mwashi mwenye saruji hadi kwenye nyusi, alikuwa ametoka tu kazini. Alinitazama mimi.

Zahanati ilikuwa imemtumia kichupa cha kupimia choo kwa posta mara tatu. Mara ya tatu aliniambia, "Nijazie wewe, mwanangu, mama yako aache kunisumbua." Nikajaza choo changu, nikakirudisha posta, nikawa namwita mzee mwenye choo cha kijana.

Leo niliichukua barua mikononi mwa mama, nikaisoma mwenyewe.

Mama alileta viatu vya baba. Baba alivipokea, akainama polepole, akaviweka mbele ya miguu yangu.