Sindano Unyayoni

Mwanahawa, fundi wa kushona, alikwenda kwa tabibu wa sindano kutibiwa mgongo, akarudi kabebwa. Sindano moja ilizama mno kwenye uti, na tangu hapo miguu imekufa ganzi.

Mumewe, Makungu, akachomoa sindano kwenye cherehani yake, akapiga magoti miguuni pake.

“Fumba macho, mke wangu. Nikikuchoma, useme.”

Akafumba. Akangoja. Huko barazani mteja alikuwa akiulizia gauni lake la harusi. Kimya cha mumewe kikamshinda.

“Uuwi! Umeniumiza!” akapiga ukelele, akajichekesha. “Si nilikwambia nitapona?”

Akafumbua macho.

Makungu alikuwa bado anaifuta ile sindano kwa upindo wa shuka. Akaendelea kuifuta.