Begi Jekundu

Mtoto alikuwa amefungwa kitambaa machoni, na mkononi alishika kikombe cha maji kilichojaa pomoni.

Shangazi yake alisimama mlangoni akimtazama. Mtoto akakatiza chumba polepole huku akiimba, "Meza nakugusa, kiti nakupita, mtungi nakuzunguka, mama nimefika." Akakitua kikombe kando ya cherehani bila kumwaga hata tone. Mama yake, fundi wa kushona, akampigia makofi.

"Karibu, wifi," alisema fundi, hata shingo hakugeuza. "Nimekujua kwa viatu vyako."

Dharau hiyo, shangazi alijiambia. Mtu unatoka mbali, unapanda gari tangu alfajiri, halafu unakaribishwa na kisogo! Lakini ndiyo tabia yake huyu. Tangu mumewe, kaka wa shangazi, afariki na kumwachia mtoto, kila akiulizwa jambo jibu lake ni moja tu: tuko sawa. Akalitua begi lake pale pale alipofika, katikati ya chumba. Lilikuwa begi kubwa, jekundu, jipya, na ndani halikuwa na kitu. Nguo za mtoto ndizo zingelijaza.

"Hospitali ya macho mlikwenda lini?" aliuliza. "Na usinifiche, mmeonekana mkitoka."

"Sikufichi. Wiki iliyopita."

"Daktari kasemaje?"

"Kasema macho hayaponi. Yataendelea kufifia mpaka yazimike."

Shangazi akaketi. Akamtazama mtoto, ambaye nyumba nzima ilimwita Cheche kwa kuwa hatulii, na machozi yakamlenga. Kadogo vile, hata darasa la kwanza hakajaingia.

"Na dawa yako ndiyo hii? Kumfunga matambara na kumwimbisha?"

"Dawa hatuna, wifi. Tuna mchezo."

Cheche alikwisha kuvua kitambaa. Akamvuta mgeni mkono hadi mezani amwonyeshe makopo ya vifungo. Kila kifuniko kilikuwa kimebandikwa kitu: hiki kijiti, hiki kokoto, hiki kipande cha zulia.

"Mimi nasema rangi, mama anatafuta kopo," alieleza. "Na kabla ya kulala, kila kitu kinarudi kwao. Kiti kwao, viatu kwao. Ukiacha kitu njiani, kesho unaosha vyombo. Jana mimi nimeosha." Halafu akanuna kidogo. "Tena mama hafungwi kitambaa, na bado ananishinda kila siku."

"Atakosaje kukushinda, mwanangu? Si macho anayo," shangazi alijibu kwa uchungu.

Fundi akacheka peke yake, akaendelea kusukuma nguo chini ya sindano, uso ameuinamisha kwenye kazi. Uzi ukakatika. Akanyoosha ncha ya uzi hewani, na Cheche akaruka kuipokea. Akabana jicho moja, akautunga uzi kwenye tundu la sindano kwa mara moja tu.

Hapo ndipo subira ilipomwishia shangazi. Huo mwanga kidogo aliobakiwa nao mtoto, na bado mama mtu anaumalizia kwenye tundu la sindano!

"Nimekuja kumchukua," alisema. "Kwangu kuna nafasi, kuna watu, kuna wa kumshika mkono. Huu si wakati wa kuringa. Nyumba hii inahitaji mtu wa kuongoza mwenzake."

"Cheche haondoki."

"Utaweza peke yako?"

"Peke yangu nani kakwambia? Tuko wawili. Nisipoweza leo nitaweza kesho, nikikosea tunaanza upya, ndivyo mchezo wetu ulivyo. Lakini mwanangu analala chini ya bati hili na anaamka chini ya bati hili. Kawaambie na wengine, nakuomba, ili nisirudie."

Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma shangazi. Angepiga kelele, wangegombana kama watu, yakaisha. Akainuka, akatupa macho huku na huku, akaona rafu yenye vigauni vilivyokunjwa kwenye ukuta wa mbali. Akavuta hatua, akaanza kuvishusha.

"Mama, anachukua nguo zangu," Cheche alisema.

Fundi akasimama. Mlango ulikuwa wazi, madirisha wazi, jua la mchana limejaa sakafuni. Alikuja na hatua za mwenye nyumba, kifua mbele, hasira imembana midomo, na katikati ya hasira hiyo shangazi akamsikia akiimba chini chini, "Mtungi nakuzunguka, kiti nakupita..."

Akaliendea begi jekundu moja kwa moja, akajikwaa, akaanguka juu yake.

Cheche hakulia. Alipiga magoti kando yake kama mtu aliyezoea. "Ni begi, mama," alisema. "Kubwa. Jekundu. Shangazi kaliacha njiani."

Vigauni vilimponyoka shangazi mikononi.

Fundi akakaa sakafuni, akalipapasa begi taratibu, mpini, pembe, zipu. Akaifungua zipu, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akazungusha. Kisha akauinua uso kuelekea mlangoni, ambako hakukuwa na mtu.

"Tupu," alisema. "Basi, wifi, litarudi hivyo hivyo."