Mwendo wa Mwalimu Fanueli

"Tembea kama Mwalimu Fanueli, bila kuongeza chumvi," daktari aliniamuru.

Kwa unyenyekevu nakiri kwamba bwenini mimi ndiye niliyekuwa bingwa wa kumwiga. Daktari huyo wa Tanga mjini alinifuma uwanjani nikimwiga, akanileta ofisini mbele ya mwalimu mwenyewe na mkuu wa shule, aliyekwisha kushika kalamu amfukuze mwalimu huyo kazi kwa ulevi wa tembo la mnazi.

Nikapanua miguu, nikayumba, nikageuka kwa kushika meza.

"Na asubuhi?"

"Vilevile, Bwana Daktari. Hata akienda kanisani."

"Mwalimu, gusa pua yako."

Kidole kilitetemeka hewani, kikaipita pua, kikatua shavuni.

"Si tembo. Ubongo wa kisogoni ndio unaougua."

Mkuu akaweka kalamu chini.

Mwalimu akanitazama. "Rudia, mwanangu. Sijawahi kujiona."